Jicho Limesimama Wapi? Maswali na Majibu Kuhusu Kuchora Watu na Wanyama

Najua kuchora mkono, uso na hata kwato. Mbona watu na ng'ombe wangu wanaonekana kama wamebandikwa tu kwenye karatasi?

Kwa sababu, mara nyingi, tatizo haliko kwenye mkono wala kwenye kwato. Wengi wanaojifunza kuchora hutumia miezi kukariri misuli na mifupa, kisha huipanga miili hiyo ukurasani bila kuamua jambo moja la msingi: anayetazama amesimama wapi, na macho yake yako juu kiasi gani kutoka ardhini. Pespektivu, yaani kanuni za kuonyesha umbali na kina kwenye karatasi bapa, huanzia hapo, na mwili wa kiumbe unaitii sawasawa na nyumba au reli. Mchoro wenye misuli michache lakini wenye jicho lililotulia mahali pamoja huaminika. Ule wenye misuli yote, huku kila kiumbe kikiwa kimetazamwa kutoka kimo chake, hauaminiki hata ukipakwa rangi nzuri namna gani. Hoja hiyo ndiyo ninayoitetea katika majibu yote yanayofuata.

Huo urefu wa macho unabadilisha nini katika mchoro wa mtu?

Unabadilisha karibu kila kitu. Piga mstari mlalo kwenye karatasi: huo ndio upeo wa macho, pale uwanja tambarare unapoonekana kukutana na mbingu. Mstari huo daima uko sawa na macho ya mtazamaji. Kama macho yake yako mita 1.5 kutoka ardhini, basi mstari utapita mita 1.5 juu ya ardhi kwa kila kitu kilichosimama kwenye uwanja huo, kiwe karibu au mbali. Watu wazima wa kimo kama chake utawakata machoni wote, aliye hatua tano na aliye hatua mia. Kinachotofautiana ni nyayo: za aliye karibu hushuka chini ya ukurasa, za aliye mbali hupanda kuufuata mstari. Leon Battista Alberti aliliandika jambo hili mwaka 1435 katika kitabu chake kuhusu uchoraji. Alieleza kwamba ndani ya hekalu vichwa vya watu wanaotembea huonekana karibu usawa mmoja, ilhali nyayo za walio mbali zaweza kulingana na magoti ya walio karibu. Miaka michache kabla yake Masaccio alikuwa ameshalionyesha ukutani, katika kanisa la Santa Maria del Carmine mjini Florence. Katika picha ile ya Yesu na mitume wakidaiwa kodi, vichwa vya waliosimama vimejipanga usawa mmoja, na bado hakuna anayeshindwa kujua nani yuko mbele na nani yuko nyuma.

Sasa litazame kosa linalojirudia kila siku. Mtu anataka kuchora umati wa sokoni. Anamchora mmoja mkubwa mbele, kisha wa nyuma anawapunguza, lakini nyayo zao anaziweka usawa mmoja na za yule wa mbele. Anachopata ni mtu mzima aliyezungukwa na watoto. Ukubwa ameupunguza, nyayo hakuzipandisha. Na mtoto wa kweli, mwenye kimo cha mita 1, naye asifikishwe kichwa kwenye mstari wa macho, kwani atageuka mtu mzima aliye mbali. Kichwa chake kiishie theluthi mbili ya nafasi iliyopo kati ya nyayo zake na mstari ule.

Na wanyama, ambao vimo vyao havilingani?

Kwao kanuni hii ina faida kubwa zaidi. Tembo mwenye mita 3 begani, akitazamwa na mtu aliyesimama chini, mstari humkata katikati kabisa ya kimo hicho. Twiga wa mita 4.5 humkata kwenye theluthi ya chini. Mbuzi hubaki chini ya mstari, mwili mzima. Uwiano huo haubadiliki mnyama akisogea mbali, mradi ardhi ni tambarare. Mchoraji anayeweka upeo wa macho usawa wa vichwa vya tembo amesema, hata kama hakukusudia, kwamba mtazamaji yuko juu ya kichuguu kirefu au paa la gari. Hana kosa akilijua hilo. Kosa linakuja pale anapomchora mwongoza wageni kando ya tembo hao na kumpachika kichwa kwenye mstari uleule: tayari amechora mtu wa mita 3.

Mstari huohuo ndio unaoamua ni upande gani wa mwili utaonekana. Mgongo wa ng'ombe uko chini ya macho yetu, kwa hiyo uso wake wa juu unaonekana kidogo. Tumbo la twiga liko juu ya macho, hivyo tunaliona kutokea chini. Kwa pundamilia asili yenyewe imemsaidia mchoraji, maana milia ya kiwiliwili inazunguka mbavu na kuonyesha mviringo wake wazi. Anayeichora milia hiyo kama mistari iliyonyooka juu ya umbo lililojaa amelifanya tumbo kuwa ubao. Binadamu naye ana milia yake, nayo ni mavazi. Mtazame mwanamke aliyejifunga kanga: pindo lililo karibu na vifundo vya miguu limepinda kuelekea chini, kwa kuwa liko mbali chini ya macho. Kiunoni mpindo ni mdogo zaidi. Ukingo wa kofia ya mzee aliye na kimo chako unakaribia kunyooka, na mzee huyo akipanda ghorofani ukingo uleule unapinda kuelekea juu.

Lakini mwili hauna mistari iliyonyooka. Pespektivu si ya wachora majengo?

Pingamizi hili lina uzito, maana nukta ambako mistari ya barabara hukutana haipatikani kwa urahisi kwenye bega la mtu. Jibu ni kwamba mistari ipo, ila lazima uitafute. Mabega mawili yanafanya mstari, nyonga mbili zinafanya mwingine, na visigino viwili wa tatu. Mtu akisimama wima kwa miguu yote miwili, mistari hiyo mitatu huenda sambamba na kuelekea nukta moja kwenye upeo wa macho. Akiegemea mguu mmoja, nyonga inainama na mabega yanainamia upande wa pili. Hapo ukichore kifua kama boksi moja na nyonga kama boksi jingine, kila moja na mwelekeo wake, kisha uyaunganishe kwa kiuno. Kwa ng'ombe anza na ardhi: weka alama za kwato nne kama pembe za mstatili uliolala chini, uulaze mstatili huo kwa kufuata upeo wa macho, ndipo upandishe miguu. Miguu mingi ya wanyama inaelea kwa sababu mstatili huo haukuwahi kuwepo.

Albrecht Dürer, katika toleo la 1538 la kitabu chake cha vipimo, ana picha ya mchoraji anayemtazama mwanamke aliyelala kupitia fremu yenye miraba. Mbele ya jicho la mchoraji kumesimamishwa kijiti chenye ncha, ili jicho lisihame. Mwili ule wote ni mapindo, na bado kazi nzima inategemea kile kijiti.

Mbona mabingwa wenyewe walivunja kanuni?

Walivunja wakijua wanavunja nini. Andrea Mantegna alimchora Kristo maiti amelala, nyayo zikituelekea. Kwa hesabu kavu nyayo zile zingekuwa kubwa mno, zikamfunika nusu, naye akazipunguza ili uso usipotee. Mpangilio mzima wa kiwiliwili kilichofupishwa unabaki imara, ndiyo maana marekebisho yale yanastahimilika. Linganisha na Paolo Uccello katika Vita vya San Romano, iliyoko London. Mikuki iliyoanguka ameipanga vizuri kuelekea ndani ya picha, lakini askari aliyelala chini ni mdogo mno akilinganishwa na farasi walio karibu naye. Mikuki ilifuata kanuni, mtu hakufuata.

Siku hizi kuna simu. Kwa nini nisinakili picha tu?

Nakili, ila ujue simu ilikuwa wapi. Ukimpiga ng'ombe picha ukiwa mita 2 kutoka puani, na makalio yake yakawa mita 4, kichwa kitatoka kwa kipimo mara mbili ya makalio. Rudi nyuma hadi mita 10 na tofauti inakuwa moja ya tano tu. Kamera haijakosea kitu, lakini ukiinakili picha ile ya karibu na kuiweka kwenye malisho yaliyochorwa kwa mbali, umeleta macho mawili yasiyokubaliana.

Edward Saidi Tingatinga hakutumia haya yote, na wanyama wake wanapendwa duniani. Utasemaje?

Nasema alikuwa na haki. Alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini za viwandani, aliwaweka wanyama mbele ya rangi tupu, bila ardhi inayoenda mbali. Pale hakuna umbali uliodaiwa, kwa hiyo hakuna umbali uliokosewa, na nguvu ya kazi iko kwenye umbo na nakshi. Huo ni uamuzi kamili wa msanii. Ninachokipinga ni mchanganyiko usio na uamuzi: twiga bapa mbele ya barabara inayosinyaa hadi mlimani.

Basi mwalimu wa uchoraji, usisubiri somo la majengo. Siku ya kwanza wanafunzi wanapomchora mtu au mbuzi, waambie wapige kwanza mstari wa upeo wa macho na waandike pembeni, kwa mita, jicho liko juu kiasi gani.