Kwa Nini Kasi Haivuki 940?

SWALI: Mimi niko Marekani, nalipia intaneti ya megabiti 1200 kwa sekunde, lakini kila nipimapo kwa kompyuta iliyochomekwa waya, haivuki 940. Je, napunjwa?

JIBU: Ndugu msomaji, usiilaumu kampuni kabla ya kuyatazama matundu ya waya, kwani 940 hiyo ni dalili bayana: tundu la Etheneti la gigabiti 1, likishatoa sehemu inayochukuliwa na anwani na alama ziambatanazo na kila pakiti ya data, halina wasaa wa kupitisha zaidi ya hapo, hata modemu ikipokea maradufu. Basi igeuze modemu, kisha ruta, usome maandishi madogo kando ya kila tundu, palipoandikwa 2.5G ndipo pa kuchomeka, na sharti iwe hivyo tangu modemu, kuingia ruta, kutoka ruta, hata kompyuta yenyewe. Ruta nyingi zina tundu moja tu la namna hiyo, upande wa kuingilia, ilhali yote ya kutokea ni ya gigabiti 1, na hapo ndipo wanunuzi aghalabu huhadaika. Waya usikutie shaka: Cat 5e iliyo nzima yatosha hadi mita 100. Ama kuyaunganisha matundu mawili ya gigabiti 1 yafanye kazi pamoja, sikunasihi, kwa sababu mkondo mmoja wa data kwa kawaida hupita katika tundu moja tu. Kompyuta isiyo na tundu la 2.5G huongezewa adapta ya USB 3.