Bunduki ya Kwanza, Dola Mia Sita

Mtu akinipigia simu kuniuliza anunue bunduki gani, namjibu kwa swali: nyumbani kwako nani hurudi saa nane usiku? Hapa Houston jibu halikosekani. Yupo mke anayetoka zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee, yupo mpwa anayepakia mizigo ghalani, yupo mgeni wa kutoka Dallas aliyeambiwa ufunguo uko chini ya chungu cha maua. Nyumba zetu Waswahili hazina idadi ya watu. Leo mko watano, Jumamosi mko kumi na moja, na watoto watatu wamelala sebuleni kwenye godoro moja. Muuza silaha hakuulizi hayo. Yeye anauliza una shilingi ngapi.

Mimi mwenyewe nilianzia kwenye fedha. Nilinunua bastola ndogo ya mfukoni kwa dola 230, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kabatini na muuzaji alisema inamfaa anayeanza. Rahisi huvunja upishi. Ilikuwa nyepesi kama simu, na kila risasi ilinipiga teke la kiganja hadi ngozi kati ya dole gumba na shahada ikawa nyekundu. Kwa umbali wa mita tano, nusu ya risasi zangu hazikugusa hata karatasi. Mke wangu alifyatua mara mbili, akaiweka mezani, akaenda kukaa kwenye gari. Niliiuza kwa dola 140. Bastola ya namna ile imetengenezwa ifichwe nguoni, na udogo huohuo ndio unaofanya iwe ngumu kuilenga. Chumbani kwangu sina wa kumficha.

Kabla ya dukani, tazama karatasi zako. Nasema hivi hasa kwa sisi wahamiaji, maana kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye makaratasi safi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamruhusu mkaazi wa kudumu, yule mwenye "green card", kununua. Mkimbizi aliyepokewa rasmi naye hakatazwi kwa ukimbizi wake. Mwanafunzi au mtu wa viza ya muda, kwa kawaida, haruhusiwi. Ipo njia ya leseni ya uwindaji, lakini usiipite bila kuzungumza na wakili wa uhamiaji. Dukani utajaza fomu 4473, ambayo humtaka asiye raia aandike namba yake ya uhamiaji, na inauliza pia juu ya bangi. Jimbo lako likiwa limehalalisha bangi, fomu hiyo ni ya serikali kuu, na serikali kuu haijaihalalisha. Usidanganye hata kwenye kisanduku kimoja. Wala usimnunulie binamu ambaye yeye hawezi kununua: tangu 2022, kumnunulia mtu aliyekatazwa ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 15.

Duka lenye leseni linakuuzia bunduki ndefu ukiwa na miaka 18, na bastola ukiwa na 21. Kisha jina lako linakwenda FBI kukaguliwa. Hapo ndipo akina Hassan Ali na Juma Mohamed tunapokaa tukisubiri, kwa sababu majina yetu tunayo wengi. Ukicheleweshwa kila mara bila kosa, omba FBI wakupe namba ya UPIN, uiandike kwenye fomu. Inakutofautisha na yule mwingine. Na kumbuka kwamba Texas haidai kibali cha kununua, lakini Illinois, Massachusetts na Minnesota, ambako Wakenya wamejaa, kila moja ina utaratibu wake. Uliza polisi wa eneo lako, usimuulize shemeji.

Sasa fedha. Tuseme umejinyima na una dola 600. Kosa la wengi ni kuimaliza yote kwenye chuma. Mimi ningegawa hivi: silaha 300, kasha la kufungia 80, darasa la siku moja 90, risasi 200 za mazoezi kama 60, boksi moja la risasi za ulinzi 25, tochi nzuri 25, vizibo vya masikio na miwani 20. Bei hupanda na kushuka, na kodi ya mauzo itakuongezea kidogo, ila uwiano ndio huo: silaha isizidi nusu. Bastola ya dola 600 usiyowahi kuifyatua ni chuma cha kuwekea karatasi zisipeperuke.

Kwa dola 300 utapata nini? Watu wengi watakuambia shotigani, bunduki ya marisau. Mossberg Maverick 88 mpya hupatikana kwa dola mia mbili na kitu, na ni bunduki imara kweli. Mossberg 500 na Remington 870 zilizotumika nazo hazikosekani. Lakini achana na yale yanayosemwa vibarazani kuhusu shotigani. Wanasema haihitaji kulenga. Marisau hutawanyika kwa kadiri ya sentimita mbili na nusu hivi kwa kila mita, kwa hiyo ndani ya chumba cha mita tano yanafika yakiwa yamekusanyika kama kiganja. Usipolenga, unakosa. Wanasema pia mlio wa kuikoki tu unamkimbiza mwizi. Huenda ukamkimbiza. Huenda pia ukamwambia umesimama wapi. Mtu aliyeshtuka usingizini anaweza kuikoki nusu, risasi ikagoma kuingia. Zaidi ya hayo ni ndefu, kama mita moja, inagonga milango na haiingii kwenye kasha dogo la kando ya kitanda. Ukiipenda, chukua ya geji 20 badala ya 12. Teke lake ni la kibinadamu zaidi, na mkeo naye ataweza.

Hilo la mke si mzaha. Silaha ya nyumba huchaguliwa kwa mkono wa mtu mzima aliye dhaifu kuliko wote watakaoitumia. Bastola za kisasa hukokiwa kwa kuvuta sehemu ya juu nyuma kwa nguvu, na mama mwenye baridi yabisi ya vidole hawezi. Smith & Wesson wana moja inaitwa Shield EZ, iliyotengenezwa ivutike kwa urahisi; mpya itavuka bajeti yetu, iliyotumika inakaribia. Rivolva, ile ya magazini ya duara inayozunguka, haihitaji kuvutwa hivyo na haina mengi ya kukumbuka, lakini kifyatulio chake ni kizito na hubeba risasi tano au sita tu. Wapo wazee ninaowashauri hiyohiyo.

Kwa wengi waliobaki, jibu langu ni bastola ya milimita 9, ya ukubwa wa kati, inayojaza mkono. Risasi zake ni za bei nafuu kuliko karibu zote za ulinzi, na kwa hiyo utafanya mazoezi. Glock 19, iliyotoka 1988, ndiyo kipimo cha nyingine zote, lakini mpya inakwenda dola 500 na zaidi. Taurus za familia ya G3 hupatikana chini ya 300. Njia ninayoipenda zaidi ni bastola zilizorudishwa na idara za polisi wanapobadilisha silaha. Nje zimechubuka kwa sababu zilishinda kwenye ala miaka kumi, ndani mara nyingi zimefyatuliwa kidogo. Nyingi ni Glock 22 za kalibari 40, ambazo teke lake ni kali kidogo na risasi zake ni ghali kuliko za 9, kwa hiyo hesabu hilo kabla ya kufurahia bei. Nunua kwenye duka lenye leseni, si kwenye maegesho ya magari kwa mtu uliyekutana naye jana. Utataka risiti siku moja.

Raifo aina ya AR-15 zimeshuka hadi karibu dola 500 na teke lake ni dogo. Simkatazi mtu. Kwa bunduki ya kwanza, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye watoto, nisingeanza nayo.

Lakini usinunue yoyote kati ya hizi kwa kusoma. Viwanja vingi vya kulengea shabaha hukodisha silaha kwa dola chache. Kodisha tatu kwa siku moja, fyatua risasi ishirini ishirini, mkiwa wewe na mwenzako. Mkono utakujibu.

Kuna jambo ambalo sisi tuliokulia nyumba za matofali hatulifikirii. Kwetu ukuta ni ukuta: tofali la saruji, au jiwe la matumbawe kama uko Lamu, dirisha lina nondo, geti lina mlinzi na juu ya ukuta kuna vigae vya chupa. Nyumba ya Houston ni mbao na jipsamu. Ukuta wa chumba chako unaweza kuutoboa kwa ngumi. Risasi ya bastola hupita kuta mbili, tatu za namna hiyo na bado ikaua. Risasi za ulinzi, zenye shimo kwenye ncha, hufunguka zikigonga mwili na hupunguza hatari ya kumpitia mtu na kuendelea; lakini hazizuiwi na jipsamu. Kwa hiyo kabla hujanunua, simama mlangoni mwa chumba chako mchana na unyooshe mkono kila upande ambako mtu angeweza kutokea. Nyuma ya kila ukuta, nani analala? Ukigundua upande mmoja unaelekea kitanda cha mwanao, umejua upande ambao hutafyatua kamwe. Wengine huhamisha kitanda. Ni bure.

Na zoezi hilo linakufundisha kwamba ni afadhali mtu asiingie kabisa, kwa hiyo dola 20 za kwanza, kabla ya zile 600, ziende mlangoni. Bati la kitasa kwenye fremu hapa mara nyingi limeshikwa na skurubu fupi kama kucha. Zibadilishe kwa za inchi tatu ziingie kwenye mbao ya ndani, na teke moja halitoshi tena. Weka taa ya nje inayowaka mtu akipita. Mlango wa chumba mnachokimbilia uwe na kufuli.

Kasha la kufungia ndiyo sehemu ambayo sikubali mtu apunguze. Kila bastola inayouzwa dukani lazima, tangu sheria ya 2005, itolewe na kifaa cha kuifungia, na vituo vingi vya polisi hutoa kufuli za waya bure. Hizo ni mwanzo. Kwa silaha unayotaka kuifikia usiku unahitaji kasha dogo la chuma lenye vitufe vya kubonyeza gizani, limefungwa kwa skurubu kwenye mbao ya ukuta au kwa waya kwenye chaga ya kitanda. Yale ya bei rahisi yanayofunguka kwa alama ya kidole siyaamini: kidole chenye jasho kinakataliwa, na mengine yamewahi kukubali kidole cha yeyote. Juu ya kabati si mahali pa kuficha. Mtoto wa miaka minne anapanda kiti, na mtoto wa mgeni hajui sheria za nyumba yako. Texas inaweza kumshtaki mtu mzima ikiwa mtoto wa chini ya miaka 17 ameifikia silaha yenye risasi aliyoiacha kwa uzembe bila kuifungia.

Usimfikirie mtoto peke yake. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Hesabu hiyo inapaswa kukaa mezani wakati wa kuamua. Wengi wetu tumebeba mambo: aliyekimbia Kivu, aliyepoteza kazi, kijana aliyeacha kula. Nyumba ikiwa katika kipindi hicho, bunduki isinunuliwe, na kama ipo itoke, ikakae kwa rafiki anayeruhusiwa kuimiliki au kwenye duka linalopokea silaha kwa kuhifadhi. Kwa aliyezidiwa, namba 988 hujibiwa usiku na mchana. Wala hakuna aibu kwa mtu aliyesikia milio ya kutosha kule alikotoka kusema hii ndani mwangu haiingii.

Usiku wenyewe, utaratibu ni mfupi. Kusanya watoto chumba kimoja, funga, piga 911, kaa nyuma ya kitanda. Usitoke kuzunguka nyumba kama sinema. Mlio mmoja wa bastola ndani ya chumba ni takriban desibeli 160, masikio yatavuma na hutasikia hata mtoto akikuita. Sheria ya Texas inampa mwenye nyumba nafasi pana kuliko majimbo mengi, ila upana huo hupimwa baadaye, mbele ya polisi na pengine baraza la mahakama, kwa gharama ya wakili ambayo haimo kwenye dola zetu 600.

Kabla ya yote, tochi na sauti. Tochi ya mkononi, si ile iliyofungwa kwenye bastola, maana hiyo inakulazimisha kumwelekezea mtutu mtu usiyemjua. Kwetu anayeingia hupiga hodi. Huku wetu wamejifunza kunyata ili wasiwaamshe watu. Mwezi Februari, saa tisa kasoro, nilisikia mlango wa nyuma. Mkono ulikwenda kwenye kasha, nikauacha hapohapo juu ya vitufe, nikaita kwa nguvu, "Nani?"

"Mimi, anko. Betri ya simu imekwisha."

Asubuhi tulikubaliana, wote saba: anayerudi baada ya saa sita anapiga hodi kwa sauti kabla ya kugusa kitasa, hata kama anaamsha mtaa.