Hatifungani ya maji Tanga: una haki ya kuona hesabu

Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilianza kuuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12. Muda wake ni miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, inayolipwa kila miezi sita. Wanunuzi walileta zaidi ya kilichoombwa, kisha hatifungani ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Aliyeweka milioni moja hupata 67,500 kila nusu mwaka. Wengi wakishaona fedha imeingia benki, hawaulizi tena. Ulizeni.

Mwenye hatifungani si mwenye hisa. Huna kura, wewe ni mdai, na kinga yako ni taarifa. Deni hili linategemea ankara za maji. Basi usalama wa akiba yako umo katika maswali haya: maji kiasi gani yanapotea kabla ya kufika kwenye mita? Taasisi zipi hazijalipa? Upanuzi wa mitambo inayotumia maji ya bwawa la Mabayani umefika wapi? Riba inaweza kuingia kwa wakati huku mambo hayo yakizorota chini kwa chini. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Haki ya kwanza ni waraka wa matarajio, chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Sura ya 79. Mwombe dalali wako nakala. Soma sehemu ya vihatarishi na ya matumizi ya fedha, uitunze, maana ndiyo ahadi utakayoilinganisha na hesabu za kila mwaka. Kueleza uongo humo ni kosa la jinai.

Hesabu hizo lazima zikaguliwe na zitangazwe. Kwa kuwa mamlaka ni ya umma, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu naye anahusika, kwa Ibara ya 143 ya Katiba, na ripoti zake huwa wazi zikishawasilishwa bungeni. Hapa watu hujidanganya sana: hati inayoridhisha ya mkaguzi maana yake hesabu zimeandikwa sawasawa. Haisemi kwamba taasisi inapata faida. Zisome tarakimu zenyewe.

Hata kama hukununua hatifungani, wewe mteja wa Ngamiani, Muheza au Pangani ndiye unayelilipa deni hili kupitia ankara. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Zipo taarifa zinazozuiwa, za siri za biashara kwa mfano, lakini lazima uelezwe sababu kwa maandishi.

Peleka barua ya maombi kwa nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mnunuzi asiyeridhika na taarifa za hatifungani apeleke malalamiko Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, akiambatanisha nakala hiyo.