Anayeuguza Naye Apumzike: Jioni Moja Mylapore

Wadogo zangu, leo nazungumza na nyinyi mliompeleka mzazi au ndugu kutibiwa Chennai, kule kusini mwa India. Najua siku zenu zilivyo. Asubuhi vipimo, mchana kusubiri majibu, jioni kuta nne za chumba cha kupanga, na simu za nyumbani zisizokwisha: vipi mgonjwa? Anayeuguza naye huchoka, ila hakuna anayemuuliza. Basi siku ndugu yako akitulia, na yupo wa kukaa naye, chukua bajaji uende mtaa wa Mylapore, kwenye hekalu la Kapaleeshwarar.

Nasikia mnavyosita. "Dada, mimi Mwislamu." "Dada, mimi nimeokoka, nitaingiaje kwenye hekalu la Wahindu?" Kuzuru nyumba ya ibada si kuabudu, mdogo wangu. Unaingia kwa adabu ya mgeni, na imani yako unatoka nayo kama ulivyoingia nayo. Hakuna atakayekulazimisha kitu. Ukipewa majivu ya kupaka kwenye paji la uso na hutaki, kutanisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, basi. Nawe usinune ukizuiwa kuingia chumba cha ndani kabisa, kilicho cha mungu Shiva. Asiye Mhindu haruhusiwi humo. Hata kwetu si kila mgeni huvuka baraza. Uani pekee pana mengi ya kukushibisha.

Saa ni muhimu kuliko mnavyodhani. Hekalu hufunguliwa alfajiri, hufungwa mchana kuanzia saa sita na kitu, kisha hufunguliwa tena saa kumi jioni. Viatu vinaachwa nje, na jua la Chennai likishawasha yale mawe, nyayo zako zitalia. Kwa hiyo nenda asubuhi mapema au jioni. Dera lako na mtandio vinatosha kabisa. Kaka zangu, acheni kaptura chumbani. Ukizunguka, hekalu liwe mkono wako wa kulia, kama wanavyozunguka wenyewe. Kitu cha kupokea pokea kwa mkono wa kulia. Hilo mmelelewa nalo. Simu itie mkobani. Watu wale wamekuja na shida zao kama wewe, na anayelia mbele ya mungu wake si wa kupigwa picha.

Juu ya lango la mashariki kuna mnara wa takriban mita 37, umejaa sanamu za rangi toka chini hadi juu. Mnara huo ni wa mwaka 1906, lakini ibada ya hapo ni ya zamani sana: mshairi mtakatifu Sambandar aliliimba hekalu la Mylapore katika karne ya 7. Wanahistoria wengi wanaona kwamba hekalu la kwanza lilikuwa karibu na bahari, likabomolewa wakati wa Wareno, na hili la sasa likajengwa baadaye. Ndio Wareno wale wale waliochoma Mombasa mwaka 1505. Msomaji wa pwani, hiyo si habari ya ugenini kwako.

Uani tafuta mti mkubwa uitwao punnai. Wenyeji husimulia kwamba mungu wa kike Parvati aligeuzwa tausi, akamwabudu Shiva chini ya mti huo mpaka akarudishiwa umbo lake. Kaa kivulini, usiwe na haraka. Nje mabasi yanapiga honi, bajaji zinagombania njia, mji wa mamilioni ya watu unakimbia; ndani bibi mmoja anawasha taa ya mafuta, kijana mwenye mkoba wa ofisini anapita kusali dakika mbili kabla ya kurudi nyumbani, kafuri inanukia. Ninachokipenda mimi hapo ni hicho: hekalu halijawa makumbusho, watu wanalitumia kila siku.

Ukitoka, utawaona akina mama wa maua nje ya lango. Asumini wanaitunga kwa uzi na kuipima kwa mkono, kiwiko hadi ncha za vidole. Nunua uipachike nywelini. Mwanamke wa Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa. Ila ukinunua ua la kutolewa hekaluni usilinuse, kwao ni kosa.

Mkristo aliye na nafasi apitie pia kanisa kuu la San Thome, hapo hapo jirani. Kwa mapokeo ndipo lilipo kaburi la mtume Thomas.

Kisha rudi kwa mgonjwa wako. Na kabla hujatoka kwenda hekaluni, hakikisha atakayebaki naye ana namba yako ya India na ya daktari.