SOMO KWA MAKATIBU: KUITUNZA INJINI YA GARI LA CHAMA

Ndugu Katibu, injini ya petroli yenye silinda sita katika mstari mmoja, kama ile ya 2F ya Toyota Land Cruiser, yasifika kwa uimara. Silinda zake huwaka kwa zamu, 1-5-3-6-2-4, ndiyo maana huzunguka kwa utulivu. Lakini utulivu huo huficha ugonjwa: silinda moja ikizima, tano huendelea kuvuta, na dereva asiye makini hatatambua mpaka petroli nyingi imeteketea bure.

Basi yazingatiwe haya:

1. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, zipimwe oili na maji ya rejeta. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto.
2. Msimu wa pamba vumbi ni jingi. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara.
3. Plagi zote sita zifunguliwe na kulinganishwa. Yenye masizi makavu huonyesha petroli imezidi au moto ni hafifu. Yenye oili, ringi za pistoni huenda zimechakaa.
4. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, gari lisiendeshwe.

Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo ilimpa dereva nafasi ya kukagua injini. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo ukaguzi upangiwe siku, na uandikwe katika daftari la gari pamoja na kilomita na petroli iliyonunuliwa. Matumizi yakipanda bila safari kuongezeka, Kamati iulize: ni injini, au ni mkono wa mtu? Pasipo daftari swali hilo halina jibu, na hasara ni ya wanachama.