Laravel Kwenye Seva ya Kuchangia

SWALI: Programu ya Laravel inayokwenda vizuri kwenye laptopu inaleta ukurasa mweupe na namba 500 ikipandishwa kwenye seva ya bei nafuu. Kasoro iko wapi?

JIBU: Mara nyingi msimbo hauna kosa. Seva ya kuchangia ni kama nyumba ya kupanga: wapangaji wengi, na mwenye nyumba ndiye anayepanga matoleo ya PHP yaliyopo. Laravel 11, iliyotoka Machi 2024, haiwaki chini ya PHP 8.2. Toleo hubadilishwa kwenye cPanel, kwa hiyo pa kuanzia ni hapo.

Hatari kubwa ni nyingine. Wengi humwaga mradi mzima ndani ya public_html, folda inayochunguliwa na dunia nzima. Humo linaingia hata faili la .env, lenye nywila ya hifadhidata; seva isipolizuia, mpita njia analisoma kwa kuandika anwani yake tu! Mradi ukae nje, vilivyomo kwenye folda ya public ndivyo vihamie public_html, kisha njia zilizotajwa ndani ya index.php zirekebishwe.

Pasipo terminali, Composer iendeshwe kwenye laptopu na folda ya vendor ipandishwe ndani ya zip moja. Folda za storage na bootstrap/cache ziruhusiwe kuandikwa, ila si kwa 777, dawa ya wavivu.

Ikigoma bado, sababu kwa kawaida imeandikwa kwenye storage/logs/laravel.log. Lisomwe hilo kabla ya kumpigia fundi.