Kupakia Chombo kwa Usawa

Katika Bandari ya Kale ya Mombasa majahazi yamepakiwa tangu zamani kwa kanuni moja: shehena nzito hukaa chini, karibu na mkuku, na nyepesi hukaa juu yake. Jahazi tupu hutiwa farumi ya mawe au mchanga, kwani chombo chepesi hulala upesi kipigwapo na upepo.

Mashua ya chombo nayo ni mzigo. Ikining'inizwa tezi, tezi huzama na omo huinuka. Yafaa basi shehena isogezwe mbele kidogo. Ikiwekwa ubavuni, upande wa pili utiwe uzito ulio sawa. Ikiwekwa juu ya sitaha, ilazwe katikati, kifudifudi, isije ikajaa mvua; tena ifungwe kwa fundo lifungukalo upesi, kwa maana siku ya hatari ndiyo itakayookoa watu.

Abiria nao ni uzito. Tarehe 29 Aprili, 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka katika mlango wa Kilindini kikiwa na watu kupita kiasi, wakafa 272. Kwa hiyo kila abiria na atulie mahali pake, wala asikimbilie upande mmoja chombo kikaribiapo gati.